LODI HAKUFIKA MPAPURA

Maneno haya niliyasema kwanza Mpapura, Mtwara Vijijini, mbele ya vijana wa chama waliokaa juu ya magunia matupu chini ya mkorosho. Wengine walitoka mjini asubuhi ileile kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mhariri ameniomba niyaandike kama nilivyoyasema, nami nimefanya hivyo, ila matusi mawili nimeyaondoa.

Nilianza kwa swali, na wewe nakuuliza. Mmakonde wa Newala na Mmakonde wa Mueda wanasema lugha moja, wanacheza ngoma moja, wanazikana. Nani aliamua kwamba mmoja ni Mtanzania na mwenzake ni wa Msumbiji? Kijana mmoja akajibu haraka: "Mkoloni!" Wenzake wakapiga makofi. Nikamwambia mkoloni si jina la mtu. Mkoloni alikuwa na jina, alikuwa na baba, alikuwa na nyumba yenye vyumba mia, na alikuwa na kazi nyingine za kufanya siku ile. Tusipomjua kwa jina lake tutaendelea kumlaani hewani, na hewa haina hasara.

Basi tuwataje.

Mwaka 1886 Waziri Mkuu wa Uingereza alikuwa Lord Salisbury. Jina lake la kuzaliwa ni Robert Cecil, wa ukoo ambao mababu zake walikuwa mawaziri wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, miaka mia tatu kabla. Neno kabaila sisi tumelisikia katika Azimio la Arusha, tukadhani ni mwenye mashamba na nyumba za kupangisha tu. Kule kwao kabaila ni zaidi ya hapo. Mtoto wa kwanza wa kiume hurithi ardhi, hurithi jina, na wakati ule alirithi pia kiti katika Bunge la Malodi. Hapigiwi kura. Hata akiwa mjinga wa mwisho, kiti ni chake mpaka afe, kisha cha mwanawe. (Waingereza wenyewe waliwatoa wengi wao katika bunge hilo mwaka 1999. Ilichukua muda.)

Waziri wa Mambo ya Nje wa Salisbury mwaka huo alikuwa lodi mwingine, Iddesleigh. Upande wa Ujerumani alikuwapo Bismarck, naye ni kabaila, tena mwenye cheo cha mwana wa mfalme. Mwishoni mwa Oktoba na mwanzo wa Novemba 1886 serikali hizo mbili zilikubaliana kwamba Sultani wa Zanzibar abaki na utepe wa pwani wenye upana wa maili 10, kuanzia kusini kwetu huko ghuba ya Tungi hadi Kipini, Kenya. Bara yote nyuma ya utepe huo wakagawana. Maili 10! Kaa upime mwenyewe: Mikindani iko ndani. Je, Mpapura iko ndani au nje? Hakuna aliyeuliza. Mwezi Desemba mwaka uleule Wajerumani na Wareno wakakubaliana kwamba mpaka wao uwe mto Ruvuma. Mzee mvuvi aliyekuwa akitega samaki katikati ya mto asubuhi ile aliamka akiwa mtu wa mahali pengine, na hakuna aliyemtumia barua.

Salisbury hakuwahi kufika Afrika Mashariki. Bismarck hakuwahi kukanyaga Afrika yoyote. Huyo Salisbury, na hili nampa sifa yake, alikuwa mkweli kuliko wengi wa baadaye. Mwaka 1890, baada ya kugawana vya kutosha, alisimama mbele ya wageni waliokwisha kula na kushiba akatania kwamba wamekuwa wakipeana milima, mito na maziwa, na kikwazo kidogo kimoja tu ni kwamba hawakujua hasa milima na mito hiyo ilikuwa wapi. Wageni wakacheka. Wewe ndiye uliyekuwa unachekwa.

Mwaka huohuo wa 1890 ule utepe wa pwani ukauzwa. Ujerumani ilimlipa Sultani mark milioni 4, Mikindani ikiwamo, Lindi ikiwamo, minazi na watu. Nami sitaki vijana mfikiri kwamba ukabaila ulikuwa wa Wazungu peke yao. Aliyelipwa naye alikuwa na jumba na nasaba.

Nawapa kisa cha Kionga, maana kiko karibu na sisi. Kionga ni pembe ndogo ya ardhi kusini ya mlango wa Ruvuma. Mwaka 1894 Wajerumani waliichukua kwa hoja kwamba mpaka unapita kusini kidogo ya mto pale unapoingia baharini. Mwaka 1916, vita vikiwa vimepamba moto, Wareno wakairudisha. Mwaka 1919, kule Ulaya, washindi wa vita wakasema iwe ya Wareno moja kwa moja. Mara tatu katika miaka 25 wakazi wale wameamuliwa wawe wa nani. Ukivuka leo kivuko cha Kilambo ukaonyeshwa kibanda cha uhamiaji, kumbuka kwamba mstari ule ulikwishahamishwa kama kigoda.

Na jina la nchi? Baada ya Wajerumani kushindwa, Ofisi ya Makoloni kule London ilikuwa chini ya Lord Milner. Makaratasi yakazunguka mezani: nchi hii tuiite nani? Mmoja akataka Smutsland, kwa heshima ya Jenerali Smuts wa Afrika Kusini. Likaonekana halina sura. Yakatajwa New Maryland, Victoria, hata Windsorland, kwa jina la ukoo wa mfalme wao. Mwishowe ikaamriwa litafutwe jina la wenyeji, na mwaka 1920 tukawa Tanganyika. Vijana wa Mpapura walicheka sana hapo. Mmoja wao akawa anamwita mwenzake Mwindsorland mpaka jioni. Lakini fikiri kidogo kabla ya kucheka. Jina la mama yako liliwekwa kwenye orodha, likapigiwa mstari kwa kalamu, na wewe ulikuwa hujaulizwa.

Nirudi nyuma kwa Wajerumani, maana wao ndio waliotufikia kwa viboko. Toka 1891 hadi mwisho wa utawala wao walituletea magavana saba. Katika hao saba, sita walikuwa na lile neno dogo "von" mbele ya jina la ukoo, yaani alama ya ukabaila. Von Soden, von Schele, von Wissmann, von Liebert, von Götzen, von Rechenberg. Wa saba tu, Schnee, ndiye hakuwa nalo. Tena wawili kati ya hao sita hawakuzaliwa nalo. Wissmann alipewa mwaka 1890, baada ya kuvunja upinzani wa Abushiri na Bwana Heri pwani. Kumbe "von" ya mtu inaweza kutengenezwa kwa damu ya watu wa Pangani na Saadani.

Huyo Wissmann ndiye aliyeandikiwa barua na Machemba. Machemba alikuwa Myao, makao yake Luagala, kwenye uwanda wa Makonde. Mwaka 1890 aliitwa kwenda pwani kujisalimisha. Akajibu kwa Kiswahili. Kwa kifupi alisema hivi: kama ni urafiki, karibu, kama ni kuwa mtu wako, hapana, sioni sababu, wewe ni sultani kwako, mimi ni sultani kwangu, na ukitaka vita niko tayari. Hakupiga magoti wala hakutukana. Alipambana nao miaka mingi, hadi 1899 akavuka Ruvuma kwenda upande wa Wareno. Wanafunzi wetu wanafundishwa tarehe za Bismarck. Barua ya Machemba wangapi wameisikia? Pale Mpapura waliinua mikono wawili, na mmoja alikuwa mwalimu.

Kisha akaja Graf von Götzen, gavana toka 1901 hadi 1906. Graf ni cheo cha kikabaila. Wakati wake watu walilazimishwa kulima pamba ya serikali chini ya maakida na majumbe, malipo ya kudhihaki, kodi juu. Julai 1905 Wamatumbi waking'oa pamba kule Nandete, moto wa Majimaji ukashika kusini yote. Vita havikumalizwa kwa bunduki peke yake. Vilimalizwa kwa njaa: vyakula vilichomwa, mashamba yaliharibiwa, mbegu zilichukuliwa. Wajerumani wenyewe walihesabu vifo 75,000. Wanahistoria wengine wamefika hata 250,000 na zaidi. Graf alirudi kwao salama, akaandika kitabu kuhusu maasi hayo, kikatoka mwaka 1909. Hakufungwa. Hakuulizwa na mwananchi yeyote wa Liwale, kwa sababu hapakuwa na mlango ambao mwananchi wa Liwale angeweza kupita ili amuulize.

Hapo ndipo penye shina la mazungumzo yangu, na nitalirudia.

Aliyemfuata, Rechenberg, naye kabaila, walau alijua Kiswahili vizuri, na masetla wa Kijerumani walimchukia kwa sababu aliona mkulima mweusi ana faida kuliko mashamba yao. Nasema hili ili usije ukadhani kila kabaila alikuwa shetani. Wengine walikuwa na adabu, wengine na huruma. Duke wa Devonshire, mwenye jumba la Chatsworth, ndiye aliyekuwa waziri wa makoloni mwaka 1923 serikali yake ilipotamka kwamba Kenya ni nchi ya Waafrika kwanza na maslahi yao yatangulie. Maneno matamu. Masetla wakaendelea kukaa kwenye ardhi ileile nzuri.

Sasa angalia walivyopokezana. Salisbury alipostaafu mwaka 1902, uwaziri mkuu akauchukua Balfour. Balfour ni nani? Mtoto wa dada yake. Serikali ya mjomba ilikuwa imejaa ndugu, mpwa huyu, mpwa yule, mkwe, mtoto wa kwanza, mpaka wapinzani wake wakaibandika jina: Hoteli ya Cecil. Sisi tunadhani undugunaizesheni tumeuvumbua Dar es Salaam! Enzi za vita vya pili, toka 1940 hadi 1945, Ofisi ya Makoloni ilishikwa na watu wanne mfululizo: Lord Lloyd, wa ukoo wa benki, Lord Moyne, wa ukoo wa bia ya Guinness, Lord Cranborne, na Oliver Stanley, mtoto wa lodi. Benki, bia, shamba na shamba. Ukitaka kujua Cranborne ni nani, ni mjukuu wa yuleyule Salisbury. Babu alichora mstari, mjukuu mwaka 1942 amekaa ofisini anatawala walio ndani ya mstari. Na mwaka huo babu zenu walikuwa wakisombwa kwa amri kwenda kukata mkonge na kugema mpira kwa ajili ya vita vya watu wengine. Manamba wa lazima.

Huyu mjukuu hakuishia hapo. Alirithi jina la babu, akawa Lord Salisbury. Machi 1961 alisimama katika Bunge la Malodi akamshambulia waziri wa makoloni, Iain Macleod, kwamba ana werevu uliopita kiasi katika kuwaachia Waafrika mambo yao. Mwezi huohuo Macleod alikuwa Dar es Salaam, ukumbi wa Karimjee, anakubaliana na Mwalimu Nyerere kuhusu uhuru wetu wa Desemba. Yaani toka kalamu ya kwanza ya 1886 hadi kelele za mwisho za 1961, miaka 75, ukoo mmoja ulikuwa na neno la kusema juu ya Mpapura. Mpapura haikuwa na neno la kusema juu ya ukoo huo hata siku moja.

Kuna jambo linanichekesha kila nikilikumbuka. Watu hawa walipofika kwa Wamakonde walichanganyikiwa. Walitafuta malodi, hawakuyaona. Mmakonde hakuwa na mfalme. Kila kijiji na mkulungwa wake, mzee wa ukoo, na nasaba inakwenda kwa mama. Kwa mtu aliyezoea kwamba kila nchi lazima iwe na wachache waliozaliwa kutawala, hii ilikuwa kama nyumba isiyo na mlango. Wajerumani wakaweka maakida. Waingereza, enzi za Gavana Cameron katika miaka ya 1920, wakajaribu kutawala kupitia wakulungwa, wakaona wamekuwa wengi mno kwa hesabu zao, baadaye wakaweka maliwali. Watu wakatengenezewa wakubwa. Na wakubwa wa kutengenezwa wana tabia moja: humtazama aliyewatengeneza, hawamtazami anayetawaliwa. Mwaka 1963 sheria ya machifu ilifutwa. Tabia haikufutwa.

Kijana mmoja pale Mpapura, mkali, mwanafunzi wa chuo, akanikatiza. "Mzee, kwa hiyo tatizo ni damu ya kikabaila? Wangekuja makabwela wa Kiingereza mambo yangekuwa mazuri?" Swali zuri kuliko hotuba yangu. Nikamjibu kwa karanga.

Baada ya vita Waingereza walichagua chama cha wafanyakazi. Waziri wa makoloni akawa Arthur Creech Jones, mtu aliyeanza kama karani, aliyewahi kufungwa jela katika vita vya kwanza kwa kukataa kubeba bunduki. Si lodi huyo. Waziri wa chakula akawa John Strachey, msoma Marx, ingawa shule yake ilikuwa Eton, shule ya watoto wa wakubwa. Hawa wasomi wa kijamaa wakaleta mradi wa karanga: ekari zaidi ya milioni 3, Kongwa, Urambo na Nachingwea kwetu. Kusini ndiko ambako sehemu kubwa ingelimwa. Wakajenga bandari ya Mtwara. Wakajenga reli kwenda Nachingwea. Hawakumuuliza mkulima yeyote mvua inanyesha lini na udongo unakuwaje jua likiwaka. Januari 1951 mradi ukafungwa, paundi milioni 36 zimeteketea, na karanga zilizovunwa hazikufikia hata mbegu zilizonunuliwa. Reli nayo ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wewe wa Mtwara mjini unaijua kata ya Reli. Nenda ukaitafute hiyo reli.

Na kabla ya hao alikuwapo Sidney Webb, mjamaa mkubwa wa vitabu. Mwaka 1929 alipopewa Ofisi ya Makoloni ilibidi apewe na ulodi ili akae katika Bunge la Malodi, akawa Lord Passfield. Mkewe, Beatrice, alikataa kuitwa kwa cheo hicho. Mama yule alikuwa na msimamo. Lakini mumewe alipokwisha kukaa, alitawala kama waliomtangulia.

Kwa hiyo, kijana wa chuo, jibu langu ni hili: damu ni nusu ya hadithi. Kabaila alizoea kutawala bila kuulizwa tangu tumboni, ndiyo maana kazi ile ilimkaa kama kanzu ya kushonewa. Lakini ukimvua kabaila ukamvika karani wa kijamaa kanzu ileile, na ukamweka mbali na wanaoweza kumwondoa, miaka mitatu haipiti atalima karanga mahali pasipoota karanga. Kiti kile hakina mguu unaogusa ardhi ya wanaotawaliwa.

Mtazame Gavana Twining. Alitawala toka 1949 hadi 1958. TANU ilipozaliwa mwaka 1954 hakuipenda, na mwaka 1956 kikaanzishwa chama cha UTP kwa baraka zake, ili TANU ipate mpinzani wa kutengenezwa. Mnaofuata siasa za leo mtatabasamu. Mwaka 1958 alipoondoka alipewa ulodi, na jina la ulodi wake likawa Twining wa Tanganyika na Godalming. Godalming ni mji mdogo kwao. Sisi tuliwekwa kwenye jina la mtu kama nembo kwenye shati. Na mwaka huohuo wa 1958 Mwalimu Nyerere alipelekwa mahakamani kwa sababu gazeti dogo la Sauti ya TANU liliandika mabaya ya ma-DC wawili. Akahukumiwa faini ya shilingi 3,000 au jela miezi sita. Faini ililipwa. Mhariri wangu alipofika mstari huu, najua, alikohoa.

DC! Hapo ndipo tulipokuwa tunakwenda tangu mwanzo. Mnyororo ulianzia kwenye jumba la lodi London, ukapita kwa gavana, ukaishia kwa Bwana DC bomani. Alikusanya kodi, alisikiliza kesi, alifunga watu, alipanga barabara ipite wapi. Hakuchaguliwa na mtu yeyote ndani ya wilaya yake. Mwaka 1961 tulikata mnyororo juu, London. Pete ya mwisho ikabaki. Mkuu wa Wilaya hadi leo huteuliwa na Rais, na Mkuu wa Mkoa vilevile. Na ilipofika 1997, miaka mitano baada ya vyama vingi kurudi, Bunge likapitisha Sheria ya Tawala za Mikoa iliyowapa hao wawili uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani saa 48. Wanasheria watakwambia kuna masharti, na ni kweli yapo yameandikwa. Muulize diwani au mwandishi aliyelala huko kama alisomewa masharti.

Simsemi Mkuu wa Wilaya yeyote kwa jina. Wamo wazuri, nimewaona, wanaokaa na watu hadi usiku kutatua ugomvi wa mashamba. Hata Rechenberg alijua Kiswahili. Nasema kiti.

Tarehe 27 Desemba 2012 watu wa Mtwara waliandamana kuhusu gesi ya Mnazi Bay na bomba la kwenda Dar es Salaam. Walikuwa na swali moja: nini kitabaki hapa? Unaweza kusema walikosea, gesi ni ya taifa zima, nami nakubali ni ya taifa zima, kama korosho ilivyokuwa ya taifa zima inapokatwa ushuru. Lakini swali lilistahili kujibiwa Mtwara, na watu wa kujibu, wanaoogopa kura za Mtwara. Majibu yalitoka mbali, mengine kwa kejeli. Mei 2013 bajeti ya nishati iliposomwa Dodoma, Mtwara ikawaka. Nyumba zilichomwa, watu walikufa, askari wakajaa mitaani. Mimi kuchoma nyumba ya mtu sikukubali wakati ule na sikubali leo. Ila nawakumbusha waliokaa mbali: mtu usiyemwachia mlango hutoka kwa dirisha, na vioo huvunjika.

Tena kuna hili la majina. Enzi za chama kimoja, pamoja na mabaya yake yote, waziri aliitwa Ndugu. Sasa kila mtu ni Mheshimiwa, mpaka mwenyekiti wa kamati ya harusi. Mtoto wa Mheshimiwa naye anaanza kuitwa Mheshimiwa kabla hajaota ndevu, na uchaguzi ukija unaambiwa anafaa kwa sababu baba yake alifaa. Hoteli ya Cecil ilianza hivyohivyo. Na wewe wa upinzani usicheke peke yako. Viti maalumu vyetu tumewapa akina nani? Nililisema hilo Mpapura, na viongozi wangu wa wilaya walikuwapo. Hawakupiga makofi.

Jua lilipokuwa linashuka yule kijana wa chuo akauliza tena: "Sasa tufanye nini kesho, si mwaka wa uchaguzi, kesho?" Nikawauliza wao. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe mbele ya watu. Umekaa lini mara ya mwisho? Wakatazamana. Mmoja akasema mwaka jana, mwingine akasema ule ulikuwa wa chanjo. Wewe wa mjini mtaa wako umesomewa lini? Unajua ofisi ya serikali ya mtaa iko nyumba gani? Mwenyekiti wa kijiji na wa mtaa hupigiwa kura na wewe. Huo ni mguu wa kiti ambao unagusa ardhi, na ndio tunaouacha uliwe na mchwa kwa sababu macho yetu yote yako Ikulu.

Waliandika barua palepale, kwa Kiswahili, kwenye karatasi ya daftari, kwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, kuomba mkutano na hesabu. Walibishana sana kuhusu neno la kuanzia. Wengine walitaka "Mheshimiwa". Mwalimu yule aliyeijua barua ya Machemba akasema waandike "Ndugu Mwenyekiti". Wakaandika hivyo, wakatia sahihi 31. Nami nikapanda pikipiki kurudi mjini.